Kamba za viatu

Leo jioni nimemaliza kumsomea Mama kitabu cha "Safari ya Msafiri". Macho yake hayaoni maandishi tena, kwa hiyo kila jioni nasoma, yeye anasikiliza.

Tulipofunga kitabu akaniuliza, "Aliyeandika haya alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamweleza. John Bunyan, Mwingereza, alizaliwa 1628. Fundi wa kuziba masufuria, kazi ya baba yake. Shule alisoma kidogo tu.

Mwaka 1660 akakamatwa kwa kuhubiri bila kibali. Angeahidi kunyamaza, wangemwachia. Hakuahidi. Akakaa gerezani Bedford miaka 12 hivi, na kitabu chenyewe kikatoka 1678.

Haya yote Mama aliyapokea kimya.

Kisha nikamwambia kwamba mle gerezani alikuwa anatengeneza kamba za viatu ziuzwe, wanawe wapate kula. Na kwamba binti yake mkubwa, Mary, alikuwa kipofu. Mwenyewe aliandika kuwa huyo ndiye aliyemkaa moyoni kuliko wote.

Mama akainama, akapapasa kiatu changu mpaka akaipata kamba. Akaivuta taratibu kati ya vidole, hadi ile ncha ngumu.

"Na huyo mtoto," akasema, "nani alikuwa anamsomea?"

Sikuwa na jibu. Nimemshika mkono tu, na hadi sasa naandika haya koo limenikaba.

Kesho anataka tuanze tena ukurasa wa kwanza.

Ndugu zangu, nani mwingine amekisoma? Ni sehemu gani ilikugusa? Niandikieni hapa, nitamsomea Mama.