Ruthu alipotoka asubuhi kutafuta kazi

Somo: Ruthu 2:1-23

Wapendwa katika Bwana, juma hili ninawaandikia hasa vijana wetu wa Lubumbashi waliopata diploma ya Serikali, ambao poda waliyomwagiwa kichwani siku ya matokeo imeoshwa zamani, na sasa kila asubuhi wanajiuliza waelekee wapi.

Kijana mmoja alinifuata baada ya ibada akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala 12 za barua ileile, na pahali pa jina la kampuni pameachwa wazi ili ajaze kwa kalamu akifika langoni. Nilipomwuliza anatafuta kazi gani, alinijibu, “Mchungaji, yoyote tu.” Nilihuzunika, maana tangu akiwa na miaka 15 yeye ndiye anayetengeneza nyaya na vipaza sauti vya kanisa letu, na katika barua yake hapakuwa na neno hata moja juu ya hayo. Hakuyahesabu kuwa kazi.

Simlaumu. Katika mji huu, kazi ilimaanisha kampuni ya migodi kwa muda mrefu: Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, kisha Gécamines ya Serikali iliyoshika nafasi yake baada ya utaifishaji wa mwaka 1967. Hata baada ya wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines kuondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari ulioanza mwaka 2003, desturi ya kungojea lango lifunguliwe ilibaki nyumbani mwetu.

Ruthu hakuwa na lango la kungojea. Alikuwa Mmoabu, mjane na mgeni Bethlehemu, akaenda mahali ambapo watu walikuwa wakivuna, akaanza na masazo ambayo sheria ya Walawi 19 iliwaachia maskini na wageni. Boazi, mwenye shamba, alipouliza habari zake, aliyejibu ni msimamizi wa wavunaji, naye hakuwa ameonyeshwa karatasi yoyote: alimwona akifanya kazi tangu asubuhi. Vijana wangu, mtafuteni mtu wa namna hiyo. Fundi uliyemsaidia gereji wakati wa likizo, au mama uliyemwuzia bidhaa sokoni, anaweza kukushuhudia. Mwombe ruhusa, kisha uandike jina lake na namba yake ya simu. Yule kijana tuliketi naye kwenye benchi, tukaandika barua moja tu, yenye miaka yote aliyohudumia vyombo vile na jina la mzee anayevisimamia.

Asiye na ufundi aende INPP, taasisi ya Serikali iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya mafunzo ya kazi, aulize siku za kujiandikisha. Ajiandikishe pia ONEM, ofisi ya Serikali ya ajira, lakini asikae nyumbani akingojea simu.

Sasa neno kwa mabinti zetu, nami ninaliandika kwa uchungu. Boazi aliwaagiza vijana wake wasimguse Ruthu, na Naomi, mama mkwe wa Ruthu, naye alitaja hatari ya kudhulumiwa katika shamba jingine. Maandiko hayafichi kwamba mtafuta kazi anaweza kuumizwa. Mtu akikuita kwa mahojiano hotelini au usiku, au akidai mwili wako ili upate nafasi, rudi nyumbani. Anayedai kwanza pesa ya dosie, yaani faili la maombi, awe anamdai binti au mvulana, naye mwacheni. Kabla ya kutoka, semeni mnakwenda wapi na kwa nani, kama Ruthu alivyomwambia Naomi kwanza. Kurudi mikono mitupu siku hiyo si aibu hata kidogo. Njooni mtuambie, hatutawagombeza.

Jioni Ruthu alirudi na shayiri kama efa moja, kipimo cha nafaka cha siku zile. Katika nyumba zetu nyingi mtoto akirudi anaulizwa, “Umepata?” na asiyepata hufunga kinywa. Naomi alimwuliza ameokota wapi. Ruthu akataja jina la Boazi, na Naomi, aliyekuwa mzee na hakwenda shambani, akalitambua kuwa jina la jamaa yao wa karibu. Wazazi, leo jioni mwulizeni mtoto amepita wapi na amezungumza na nani, mkamsikilize hadi mwisho, kwa maana huenda kuna jina ambalo yeye halijui na ninyi mnalijua.