Siku moja maishani mwa dalali wa nyumba, Dar es Salaam

Mteja akipiga simu husema hivi: "Kaka, nitafutie chumba masta, pawe pametulia, pasiwe mbali na mjini." Maelezo hayo yanafaa Kimara, Sinza na hata Masaki. Ndiyo maana simpeleki mtu mtaani saa ambayo mtaa umependeza. Nampeleka saa unayouma.

Saa 11:30 alfajiri, Kimara

Vilima vya Temboni na Bonyokwa vina upepo, na kodi yake ni nafuu kuliko Kijitonyama kwa chumba cha aina ileile. Gharama imejificha njiani. Tangu mwendokasi uanze 2016, watu huhesabu safari kuanzia Kimara Mwisho hadi Kivukoni, wakati kipande kinachokula hela ni kile cha kutoka mlangoni hadi Barabara ya Morogoro. Tunakitembea kwa miguu, gizani, mteja akiangalia saa. Kikizidi dakika 15, hesabu boda kwenda na kurudi. Kwa mfano wa shilingi 1,000 kwa safari, siku 26 za kazi ni 52,000 kwa mwezi. Ongeza hizo kwenye kodi ndipo ulinganishe na Kijitonyama. Mvua ikinyesha vilima huteleza na boda wengine hawapandi kabisa.

Nyumba iliyo karibu na barabara kuu naikagua ukuta kwanza, kama kuna X nyekundu. Bomoabomoa ya 2017 ya kupisha upanuzi wa barabara ilipita hapahapa.

Saa 2 asubuhi, Magomeni

Hapa ni nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, bafu na choo. Usafiri haukusumbui, Kariakoo ni vituo vichache, na ukiugua usiku kuna wa kukugongea mlango. Maswali ni mawili tu. Kaya ngapi zinatumia choo kimoja? Na LUKU je, mita moja nyumba nzima? Kama ni moja na mnachanga sawa kwa sawa, chungulia vyumba vingine. Mwenye friji ya kuuza barafu atakuwa anawashiwa na mwenye taa moja na chaja ya simu, na ugomvi huo hauishi mpaka kila chumba kifungiwe mita yake ndogo.

Saa 5, Oysterbay na Masaki

Miti, kivuli, barabara pana, majirani msiojuana. Bei zilizozoeleka kutajwa kwa dola sasa zinatakiwa kuwa za shilingi, kwa kanuni za 2025. Kitu kimoja wapangaji hukisahau: hewa ya bahari. Kagua mashine ya nje ya kiyoyozi, bawaba za geti na nondo za madirisha. Kutu ikishatoboa bati la kiyoyozi, matengenezo yake yaandikwe kwenye mkataba kuwa ni ya mwenye nyumba.

Saa 8 mchana, Msasani na Mikocheni

Hapa nakaa zaidi kuliko kote. Jina la Bonde la Mpunga, mtaa wa hapa Msasani, lenyewe ni onyo la mafuriko, lakini kiangazi kila nyumba ni kavu na kila mwenye nyumba anaapa. Ukuta ndio husema kweli. Tafuta rangi mpya iliyoishia nusu mita kutoka chini huku ya juu ni ya zamani. Tafuta plasta inayopukutika unga mweupe: hiyo ni chumvi iliyopanda na maji. Soketi zikiwa usawa wa kifua sebuleni, uliza kwa nini. Kizingiti cha matofali mawili mlangoni hakikujengwa kwa urembo.

Kisha omba mfuniko wa chemba ufunguliwe. Maji yakiwa yamesimama juu ya mdomo wa bomba, shimo la choo limezidiwa. Huku maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo wakati wa masika shimo haliwezi kunywa. Unalinyonya leo, wiki ijayo limejaa tena na choo kinarudisha. Angalia pia kiwanja cha jirani. Akimwaga kifusi na kuinua msingi wake, maji yake yote yanahamia kwako. Swali la mwisho namuuliza mama ntilie wa pembeni, si mwenye nyumba: mwezi wa nne maji hufika wapi?

Saa 1 usiku, Sinza

Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliokopeshwa na Benki ya Dunia, ndiyo maana mitaa imenyooka na gari la taka linafika. Unyoofu huohuo umeleta fremu na baa kila kona. Ingia chumbani, funga dirisha, zima feni, kaa dakika 10. Sauti za watu dirisha litazizuia. Besi inapita ukutani. Ijumaa ndiyo siku ya kipimo, Jumanne itakudanganya. Lakini kwa muuguzi anayetoka zamu saa 5 usiku mimi humshauri Sinza bila kusita, kwa sababu atatembea kwenye mwanga, katikati ya wauza chipsi.

Saa 3:30 usiku, hesabu

Kodi ikiwa 250,000 kwa mwezi, miezi sita ya kulipia mbele ni 1,500,000. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, inakuwa 1,750,000 kabla hujabeba godoro. Usilipe kabla mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa haijamthibitisha mmiliki. Andika namba ya mita na uulizie kama ina deni. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na kisheria ni mzigo wa mmiliki. Mkubaliane mapema ipunguzwe kwenye pango, la sivyo utamlipia kimyakimya kila ukinunua umeme.

Kesho ni Kigamboni, saa 12 asubuhi, kwenye foleni ya pantoni.