Mstari hafifu nao ni mstari

Mwezi wa saba, saa moja na nusu asubuhi, ofisi nyingi za Mbeya zina baridi ya kutosha kuharibu kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya, kile anachopimwa mtu aliye chini ya masharti ya mahakama, kabla hajaingia chooni. Vipimo vya haraka huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30, kwa hiyo kulala kabatini usiku wa baridi hakuviharibu. Kinachoviharibu ni haraka ya asubuhi. Ukipasua pakiti ikiwa bado baridi, unyevu wa hewa unatua kwenye karatasi ya ndani, na ile karatasi ikishalowa kabla ya wakati wake haisomi sawasawa. Pakiti ikae mezani nusu saa kwanza, bila kufunguliwa. Huku unasubiri, utakuwa na muda wa kumsikiliza mtu uliyemwita.

Baridi hiyo hiyo inagusa na kopo. Mkojo uliotoka mwilini sasa hivi una joto la nyuzi 32 hadi 38, na joto hilo lisomwe ndani ya dakika nne. Likiwa chini ya hapo, swali la kwanza ni kama mkojo umeletwa kutoka nyumbani kwenye chupa. Lakini mililita 10 kwenye kopo jembamba la plastiki, Uyole au Makambako mwezi wa saba, hupoa upesi mno. Nusu ya ubishi wa "huu si mkojo wako" ungekwisha kama kila ofisi ingedai mililita 30 hadi 45 na kuwa na kipimajoto mkononi mlango wa choo unapofunguka, badala ya kwenda kukitafuta.

Tunaozungumzia hapa ni watu wanaorudi. Kijana aliyesimama kizimbani mara ya tatu au ya nne kwa simu ya wizi, betri ya gari, nondo za jirani, na kila ukichimba unakuta nyuma yake kuna kete au pombe kali. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mahakama kumpa mtu kazi za jamii badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu, na ipo pia njia ya probesheni, ambapo anaishi kwao chini ya uangalizi wa afisa. Afisa probesheni huandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla ya hukumu. Humo ndimo penye nafasi ya kueleza kama kupima dawa za kulevya kutasaidia, na kupima nini hasa. Sharti lililoandikwa "asitumie dawa za kulevya" peke yake halimsaidii mtu yeyote. Lisipotaja kitakachopimwa, mara ngapi, na jibu baya litafuatiwa na nini, afisa atabaki kubahatisha na kijana atabaki kukisia.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, na linafanywa na watu wazuri. Wengi wetu tulijifunza vipimo vya haraka kwa malaria, ujauzito na VVU. Huko kote mistari miwili ina maana kilichotafutwa kipo. Kipimo cha dawa za kulevya kwenye mkojo kinasomwa kinyume. Mstari wa C, ule wa kuthibitisha kipimo, ukitokea, kipimo kimefanya kazi. Mstari wa T, ule wa dawa inayotafutwa, ukitokea pia, mtu ni hasi. Mstari wa T ukikosekana kabisa, hapo ndipo jibu ni chanya. Nesi aliyepima malaria watu arobaini tangu asubuhi akapewa kipimo hiki bila kukumbushwa, jicho lake litasoma kwa mazoea, na mtu msafi atapelekwa kwa hakimu kama mvunja masharti. Andika kwa kalamu nene, ubandike ukutani juu ya meza: MISTARI MIWILI NI HASI.

Na mstari hafifu nao ni mstari. Ukiuona, hata kama unalazimika kuusogeza dirishani, jibu ni hasi. Hakuna "chanya kidogo." Wino kufifia hakuonyeshi kwamba ametumia kidogo; mstari wa bangi na mstari wa mofini, ule unaotafuta heroini, huwa na rangi tofauti hata kwa mtu ambaye hajagusa kitu. Soma dakika ya tano. Ikipita dakika ya kumi usisome tena, maana mistari huendelea kubadilika karatasi inapokauka, na picha ya simu iliyopigwa saa nzima baadaye si ushahidi.

Kila mstari unajibu swali moja dogo tu. Ule wa mofini, kwenye vipimo vingi, huanza kuonyesha kwenye nanogramu 300 kwa mililita, na vingine 2,000. Chini ya hapo utasoma hasi hata kama dawa imo. Heroini yenyewe hubadilika upesi mwilini: alama yake ya pekee, 6-MAM, hutoweka ndani ya siku moja, kisha inabaki mofini kwa siku mbili au tatu. Kodeini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi nayo hugeuka mofini mwilini, kwa hiyo mstari ule ule utakosekana kwa aliyevuta unga na kwa aliyekunywa dawa ya kikohozi. Tramadoli haionekani kwenye mstari huo. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, haionekani pia, ina mstari wake. Mirungi kwa kawaida haionekani kwenye mstari wa amfetamini. Gongo na ulanzi havimo kabisa, hivyo anayemsimamia mlevi wa Iringa kwa kikombe cha mkojo kinachopima dawa za aina tano anapima kila kitu isipokuwa kinachomwangusha mtu wake. Pombe ipimwe kwa pumzi, baada ya kusubiri dakika 15 bila kula, kunywa wala kucheua, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba kuliko iliyo kwenye damu.

Yapo na majibu ya uongo, nayo huku kwetu yanawaangukia wagonjwa. Rifampisini, dawa ambayo mgonjwa wa kifua kikuu humeza miezi sita, inaweza kufanya baadhi ya vipimo visome mofini wakati hakuna. Dawa hiyo hiyo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Hebu fikiria: kijana katoka gerezani na TB, kopo lake lina rangi ngeni, anashukiwa kutia kitu, kisha mstari wa mofini haupo. Ameshahukumiwa kichwani mwa mpimaji kabla hajafungua mdomo. Efavirenzi, iliyokuwa ikitumika sana kwa VVU kabla ya wengi kuhamishiwa dolutegraviri, inaweza kuleta bangi ya uongo na hata dawa za usingizi za uongo kwenye baadhi ya vipimo.

Kwa hiyo dawa za hospitali huulizwa kabla ya kopo kutolewa, mlango ukiwa umefungwa, na swali liwe rahisi: unameza dawa gani za hospitali? Usiulize ugonjwa. Jibu liandikwe kwenye karatasi inayotiwa kwenye bahasha, nayo ifunguliwe tu ikiwa mstari umekosekana. Kijana akiingia na kusema "Shikamoo mama," mwitikie marahaba vizuri na umkalishe. Aliyepokelewa kama mwizi hatataja ARV zake mbele yako.

Bangi inahitaji uvumilivu wa pekee. Aliyevuta mara moja husafika ndani ya siku chache. Aliyevuta kila siku kwa miaka anaweza kusoma chanya mwezi mzima baada ya kuacha, kwa kuwa mabaki yake hukaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Kipimo cha kwanza ni cha kujua anapoanzia. Kumpima tena wiki ya pili na ya tatu na kuhesabu kila chanya kama kosa jipya ni kumwadhibu mara tatu kwa moshi mmoja. Mwandikie tarehe aliyosema ameacha, subiri wiki nne au zaidi kidogo, ndipo bangi ianze kuhesabiwa. Wakati huo mofini inaweza kuhesabiwa tangu siku ya tano.

Udanganyifu upo, lakini ni mchache kuliko unavyosimuliwa, na mwingi unazuiwa na mpangilio wa choo. Vyoo vyetu vina ndoo na kopo la kuogeshea. Vyote vitolewe nje kabla mtu hajaingia, pamoja na jiki na sabuni ya unga. Kunawa mikono kufanyike nje, baada ya kukabidhi. Makoti yabaki kwenye kiti, na Mbeya kila mtu ana koti. Mtu akinywa lita mbili za maji asubuhi, mkojo wake utakuwa kama maji: kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayotoka na mkojo, ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita ni dalili ya kuzimuliwa kwa maji, na chini ya 2 huo si mkojo wa binadamu wa kawaida. Mkojo uliozimuliwa hauitwi chanya. Unaitwa uliozimuliwa, na mtu hurudi siku inayofuata mapema, atoe hapo hapo mkojo wake wa kwanza wa asubuhi. Wapo wanaokunywa maji mengi kwa woga tu wa kushindwa kukojoa mbele ya mtu.

Kuhusu siku ya kupima: ikijulikana, kipimo kimekufa. Anayetumia heroini akijua anapimwa kila Ijumaa ataacha Jumatatu jioni. Njia nyepesi isiyotaka kompyuta ni vipande thelathini vya karatasi kwa watu thelathini, vitatu vinachotwa kila siku ya kazi, *na vinarudishwa mkebeni*. Wengi hukosea hapo. Ukiviweka pembeni, aliyepimwa leo anajua yuko huru mpaka mkebe uishe. Vikirudi, anaweza kuitwa kesho tena, na kwa wastani kila mtu hupimwa mara moja katika siku kumi za kazi. Apigiwe simu asubuhi, afike kabla ya saa kumi jioni. Kwa anayeishi Matema au machimboni Chunya, kumvuta mpaka Mbeya mjini ni kumfukuzisha kazi. Kituo cha afya cha karibu kifundishwe kuchukua sampuli na kuifunga. Simu nyingi pia ni za familia. Akipokea mama mkwe, usitaje dawa wala mahakama.

Walioweka haya kwenye majaribio makubwa ni Wamarekani. Honolulu mwaka 2004, Jaji Steven Alm alianza na watu 34 wa probesheni: kila mmoja amepewa rangi yake, kila asubuhi wanapiga simu kusikia kama rangi yao imeitwa ili waende kupimwa, na anayefeli anawekwa ndani mara moja, siku chache tu. Utafiti wa mwaka 2009 ulikuta asilimia 13 ya vipimo vyao vilikuwa vichafu dhidi ya 46 kwa wenzao wa uangalizi wa kawaida, na waliokamatwa tena walikuwa asilimia 21 dhidi ya 47. Watu wakashangilia. Kisha ukajaribiwa Arkansas, Massachusetts, Oregon na Texas, na matokeo ya mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti ya maana. South Dakota nayo tangu 2005 inawapima pumzi walevi wa usukani mara mbili kwa siku, na huko utafiti uliona kukamatwa tena kwa ulevi barabarani kukishuka kwa asilimia 12.

Ninavyosoma mimi, kinachostahili kuchukuliwa hapo ni kuchukua hatua siku ile ile, si mahabusu. Afisa probesheni wetu hana ufunguo wa selo. Avunjaye sharti hurudishwa mahakamani, na mahakama ndiyo inayoamua. Lakini afisa anaweza kuzungumza naye saa hiyo hiyo, kumwongezea vipimo kuanzia kesho, kumsindikiza kliniki. Kwa mtumiaji wa heroini kufungiwa siku chache kuna hatari yake. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na sasa inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Akikosa siku tatu mfululizo, dozi yake ya zamani inaweza kuwa kubwa mno kwake na lazima daktari aipime upya. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ndizo zinazoua zaidi, kwa kuwa mwili umesahau na mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Na huyo huyo akianzishiwa rifampisini, methadoni humwishia mwilini upesi. Arosto ikimrudia atanunua kete, na kliniki isipoambiwa itadhani ni ukaidi.

Tenganisheni pia asiyefika, anayefika na kukiri, na anayefika na kudanganya. Aliyekiri kabla ya kopo apate hatua nyepesi kuliko wote, na hilo aelezwe siku ya kwanza kabisa, ili kukiri kuwe na faida anayoiona.

Jibu linalobishaniwa lisiende kwa hakimu peke yake. Sampuli igawanywe mbele ya mhusika, mililita 30 na 15, zifungwe kwa karatasi yenye sahihi zake na zako, zikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, na ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia ofisi yake ya kanda Mbeya kabla ya siku mbili kuisha. Kutoka Njombe zisafiri kwenye boksi lenye barafu, si kwenye mfuko wa kondakta. Taarifa ya siku hiyo iwe fupi, kama hivi:

"Sampuli imechukuliwa saa 4:10 asubuhi, mililita 45, nyuzi 35, rangi ya chungwa. Mstari wa C umeonekana. Bangi: mstari upo, hafifu, hasi. Mofini: mstari haupo. Mhusika anatumia dawa za hospitali zinazoweza kugusa kipimo hiki. Kadi imeonwa, jina la ugonjwa halikuandikwa. Amekana kutumia. Sampuli zote mbili zimefungwa. Hatua haijachukuliwa, tunasubiri jibu la maabara."