Kampuni ikitaka kuusaidia mto Rwizi, ianze na mita yake

Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, fulana mpya huvaliwa, miche hushushwa kwenye pikapu, picha zikapigwa kando ya mto. Kusini-magharibi mwa Uganda huo ndio mwanzo wa kiangazi. Mvua za Machi hadi Mei zimeshaaga, za Septemba ziko mbali, na mche uliotoka juzi kitaluni hauna wa kuumwagilia. Kama lazima iwe sherehe, afadhali Siku ya Maji, 22 Machi, maana udongo huwa umelowa.

Rwizi unatoka vilima vya Buhweju, unapita Mbarara unakonywesha mji pamoja na viwanda, kisha unaelekea kwenye maziwa ya Mburo, Nakivale na Kachera. Vilima vikilimwa bila kingo na mafunjo yakifyekwa, mvua hushusha tope. Tope hilo humaanisha shabu (dawa ya kugandisha uchafu) zaidi kwenye mtambo wa kusafisha maji na vichujio vya kuoshwa kila mara, na gharama hiyo humrudia mnunuzi wa maji, kiwanda kikiwemo. Fedha za kuhifadhi vilima hivyo basi zitoke kwenye bajeti ya uzalishaji. Zikiwekwa kwenye fungu la misaada, ndizo za kwanza kukatwa mwaka mbaya.

Lakini kabla ya mlima, nyumbani kwanza. Usiku ambao mitambo imezimwa, soma mita kuu ya maji saa tano usiku na tena saa kumi na moja alfajiri. Tuseme zimepita mita za ujazo 12. Hizo ni 2 kwa saa, 48 kwa siku, 17,520 kwa mwaka, na hakuna chupa hata moja iliyojazwa. Mara nyingi mkosaji ni boya la tangi lililokwama au bomba la chini ya sakafu. Funga valvu za matawi moja moja huku ukiangalia mita, itakapotulia, umempata. Maji ya suuza ya mwisho nayo yakusanywe kwenye tangi yatumike kwa suuza ya kwanza ya awamu inayofuata. Kampuni inayovuja namna hii haina uso wa kumwambia mkulima aache kuchota kwa ndoo.

Mlimani, kazi yenye faida kubwa ni mitaro ya kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa ili kuzuia maji. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 30 kwenye hekta moja ni lita 300,000. Theluthi ikitiririka, una lita 100,000 za kuzuia. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 hubeba lita 360 kwa kila mita, kwa hiyo unahitaji mita 278. Mistari mitatu ya mita 100 inatosha. Mteremko ukiwa mkali, isogeze karibu zaidi.

Mstari upimwe kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2, mmoja wa kukingama, kamba na jiwe kama timazi. Isimamishe, weka alama pale kamba inapogusa mti wa kukingama, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Wengi huruka hatua hii, na hapo ndipo mradi unapoharibika: mtaro ulioinama kidogo hukimbiza maji yote upande mmoja, ukingo hupasuka, na badala ya mtaro unabaki na korongo. Kinga ya pili ni kuacha kizuizi cha udongo usiochimbwa kila baada ya mita 10 hivi.

Kwenye mtaro wa aina ya fanya juu, udongo hutupwa upande wa juu, ukiacha nafasi ya sentimita 20 ili usirudi shimoni, halafu ukingo hupandwa mabingobingo, ambayo ng'ombe watakula. Chimba Julai au Agosti. Zoa tope kabla ya kila msimu wa mvua, la sivyo mtaro hujaa na kazi huanza upya. Kwenye miteremko inayoporomoka, kama ya Bududa, mashariki mwa Uganda, usichimbe mitaro ya kunywesha udongo kabisa. Maji yanayozama ndiyo huulegeza mlima.

Ukingoni, kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zinaupa Rwizi mita 100 za hifadhi kila upande. Mikalitusi isipandwe hapo, inakunywa mno. Weka mianzi, rudisha mafunjo, na ujenge birika la ng'ombe nje ya mita hizo kabla ya kuwazuia wafugaji, si baada.

Matokeo yapimwe mtoni. Idadi ya miche haituambii kitu. Chagua sehemu iliyonyooka, pima mita 10, rusha chungwa, hesabu sekunde. Mto wenye upana wa mita 4 na kina cha wastani cha nusu mita, chungwa likichukua sekunde 20, una kasi ya nusu mita kwa sekunde; zidisha eneo kwa kasi, kisha kwa 0.85 kwa sababu maji ya chini huenda taratibu kuliko ya juu. Jibu ni lita 850 kwa sekunde. Kipimo cha kiangazi ndicho cha kulinganisha mwaka kwa mwaka, maana baada ya mvua hata mto mgonjwa hujaa.

Mkataba uwe wa miaka mitatu au zaidi, na malipo ya awamu ya pili yasubiri msimu mmoja wa mvua upite, mitaro ikaguliwe kwa miguu. Fungu la matengenezo liandikwe tangu siku ya kwanza pamoja na jina la kikundi kitakachochimbua tope. Daftari la vipimo liwe na nakala mbili: moja kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), nyingine ofisi ya Kanda ya Maji ya Victoria hapo Mbarara.