Presha ya boila inashuka na maji huyaoni

Kama geji ya presha ya boila, ule mtambo unaochemsha maji ya kupashia nyumba joto, inashuka kidogo kidogo na sakafu kavu kabisa, usianze kubomoa ukuta jamani. Bomba likiwa la moto yale maji kidogo yanakauka hapo hapo, huoni hata tone, kinachobaki ni ukoko mweupe au wa kijani kwenye nati ya valvu ya redieta, yale mapaneli yanayopasha chumba joto. Mimi huwa nazima, naacha mfumo upoe, alafu nazungushia tishu kavu kila maungio, hasa pale kijiti cha valvu kinapotokea chini ya kifuniko cha plastiki, tishu ikilowa mchawi umeshampata. Mara nyingi ni kukaza nati kidogo tu na spana mbili, moja ishike valvu isizunguke. Kuongeza maji kila siku bila kutafuta panapovuja ndo sikubaliani nako kabisa, maji mapya yanaingiza oksijeni na redieta zinaliwa na kutu kwa ndani. Ukimaliza jaza maji mpaka presha ifike bar 1 hadi 1.5 mfumo ukiwa baridi. Na kama maungio yote makavu, kachungulie kibomba cha valvu ya usalama kule nje, kwa kawaida hufunguka presha ikifika bar 3, huenda inadondosha huko.