Mwalimu kuacha chaki

Jana ofisini walimu tulibishana hadi chai ikapoa. Kuna mwenzetu anautaka udiwani, kashaanza kusalimia hadi watu aliokuwa anawapita tu barabarani, basi wakubwa wakamwambia kazi ya serikali ina pensheni we unaenda kuhangaika na wajumbe. Mi nikamkumbuka Nyerere. Watu wanakumbuka Ikulu tu, wanasahau huyu jamaa alianzia St. Mary's Tabora 1946, akaenda Edinburgh, akarudi na masters yake kufundisha Pugu, na huko huko Pugu ndo siasa ikamnogea, 1953 akawa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na Julai 7, 1954 humo humo TANU ikazaliwa. Mchana kipindi, jioni mkutano, ebu fikiria na yale madaftari ya kusahihisha! 1955 akatoka kuhutubia UN New York, karudi, ikabidi achague, shule au chama. Akaacha kazi. Ana mke, ana watoto, mshahara hakuna, akarudi zake Butiama, na kwa muda akawa anamfundisha padri wa Kimarekani Kizanaki, lugha ya kwao. Yaani hata hapo bado anafundisha. Mwenyewe alikuwa anasema ualimu aliuchagua, siasa ilikuwa ajali tu.

Sasa huyu mwenzetu sio Nyerere jamani, hata lesson plan anakopi kwangu. Ila kura yangu anayo, na nimemwambia kabla hajaondoka anirudishie rula yangu ya ubaoni.