Wiki ya sita: tairi linaliwa pahala pamoja tu

Haya jamaa, zimebaki wiki tatu kufika mashindano. Kwa waliochelewa, tunashindana wenyewe kwa wenyewe kule Fumba, Unguja, baiskeli za gia moja hazina friwili wala breki, yaani tairi la nyuma likizunguka na pedeli zinazunguka, kupumzisha miguu hakuna. Tumeyaona kwenye video za Red Hook Crit, yale mashindano yaloanza Brooklyn 2008 yakaishia 2018, wao usiku, sie baada ya swala ya alfajiri barabara ikiwa tupu.

Wiki ilopita nilikula mchanga Maisara. Spoketi ya nyuma, yaani lile duara la meno linaloshika mnyororo, inafungwa kwa kuzungushwa kama kawaida, kisha juu yake inakuja ringi ya kubania ambayo uzi wake unakwenda kinyume, ili ukikanyaga kinyumenyume kupunguza mwendo spoketi isifunguke. Fundi nilompelekea akaizungusha ringi kuliani, haishiki, akaitia mfukoni, "hii haina kazi yakhe". Mie huku nakanyaga nyuma kwa nguvu zote, spoketi ikafunguka, miguu inapiga hewa. Goti limechubuka, na watoto wa madrasa walicheka mpaka basi.

Ringi nimeifunga mwenyewe.

Sasa hili la tairi. Jana naosha baiskeli naona doa kama kidole gumba, nyuzi zinachungulia, kwengine kote jipya kabisa! Kumbe hesabu. Mbele nina meno 48 nyuma 16, pedeli zikizunguka mara moja tairi limezunguka mara tatu kamili, na mie nikitaka kusimama hukaza miguu tairi liburuzike, mguu wa kulia ukiwa mbele siku zote, kwa hivyo linasugua lami palepale. Nikitia 17 nyuma doa linahama, zinakuwa sehemu 17. Napoteza karibu sentimita 40 kila mzunguko wa pedeli, lakini poa tu, mapaja yatashukuru upepo ukinijia usoni.

Leo nimechora mstari wa chaki kupima kusimama. Mie hatua 19. Mwenzangu mwenye breki ya mbele, mwendo ule ule, hatua 8. Ndio maana nikipita Darajani naitia baiskeli breki ya mbele, sijachoka na roho yangu, wauza ndizi wenyewe wanaibuka tu na mikokoteni.

Tairi jengine linakuja na boti ya kesho asubuhi kutoka Dar, nikishalitia narudi kwenye chaki.